Nani Amezigusa Chupa za Babu?

8 Februari

Wifi yangu fundi wa mapazia,

Za huko? Huku tuko wazima, ila umeme unakatika kila siku na mimi na mafriza yangu tunaishi roho juu. Mume wangu hajambo, anakula na kulalamika kama ulivyomwacha. Binti yangu bado ana kile kikohozi, anakohoa mpaka jirani anagonga ukuta.

Na kaka yangu, unamlisha? Alipita hapa na lori lake juzi, shati linamning'inia kama la kuazima. Sisemi kitu. Nauliza tu.

Haya, tuje kwenye lililonikalisha chini. Chupa za mtoto nimezichukua hospitali kuu. Yule bwana wa dirisha la dawa alinihoji kama kibaka: wewe nani, mama yake yuko wapi, siku zote si anakuja mwenyewe? Nikamwambia mama mtu ana mimba, daktari amemkataza safari ndefu, na mimi ndiye shangazi, tena mtoto amerithi jina la baba yangu mzazi, ndiyo maana ukoo mzima tunamwita Babu ingawa ana miaka sita na meno ya mbele hana. Akanipa. Akaniambia nizitunze kwenye baridi. Nilicheka mpaka akashangaa. Mimi nauza kuku na samaki wa barafu miaka yote hii, halafu mtu ananifundisha baridi!

Kasha la chupa nimemkabidhi kondakta wa basi mkononi, limefungwa kwa kamba yangu ya manila. Yale maboksi ya karatasi nimeyatupa, yalikuwa yanajaza nafasi bure. Barua iko juu. Na tuendelee hivi hivi kwa barua, maana kwenye simu ukikasirika wewe hukata, na mimi sijazoea kukatiwa.

La mwisho, usinune. Huku watu wananiuliza, mtoto mdogo vile dawa ya kinga kila mwezi ni ya nini? Ni ule ugonjwa? Kama ni ule niambie mimi wifi yako, usiniache niumbuke mbele za watu. Na kama si ule, umetoka wapi? Kwetu haupo. Nimepekua ukoo mzima, wa kike na wa kiume, hakuna.

Nibusie Babu wangu.

Wifi yako, mama kuku

19 Februari

Wifi,

Salamu zimefika pamoja na kasha. Hatujambo. Kaka yako yuko barabarani tangu wiki iliyopita. Shati lile ni lake la ujanani, hataki kuliacha, nilishamfichia mara mbili akalitafuta akalipata. Mimi kazi imenifurika. Kuna hoteli inafunguliwa, wanataka mapazia ya vyumba vyote kwa pamoja, na tumbo halinipi nafasi mbele ya cherehani. Nashona nimekaa upande.

Si ule. Nilikwambia mwaka juzi na leo nakwambia tena, na hao watu wako ukiwaona waambie hivyo hivyo. Huu mtu anazaliwa nao. Mwili wako na wangu unatengeneza kingamwili, ndizo zinazokamata vijidudu vikiingia. Wa Babu hautengenezi. Mafua yanayokupita wewe ukiwa unapima kuku, kwake yanashuka kifuani yanakuwa nimonia. Kwa hiyo kila mwezi anatundikiwa dripu ya kingamwili za watu wengine, zimechujwa kutoka kwenye damu ya wachangiaji wengi sana ambao hata hawajuani. Akizipata anacheza kama mtoto yeyote. Mwaka jana mzima hakulazwa. Akizikosa, kifua kinaanza.

Umetoka wapi, hayo ni ya daktari. Mimi nina mapazia.

Kitu kimoja. Lebo za chupa zimekunjamana, na moja imebanduka nusu. Ulizipokea zikiwa hivyo? Na mimi nauliza tu.

Wifi yako

11 Machi

Wifi yangu mwenye maswali,

Pole na mapazia, na pole na tumbo. Furahi na mimi, binti yangu amepona! Kikohozi kimekwisha kabisa, sasa anaimba bafuni mpaka jirani anagonga ukuta tena. Mume wangu amenunua viatu vipya ambavyo vinambana na hataki kukubali.

Lebo? Ala! Sasa mimi nimekuwa karani wa lebo? Mimi nilipewa chupa, nikatunza chupa, nikatuma chupa. Kama kuna mtu amezigusa basi muulize kondakta wenu, ana macho yasiyotulia yule. Mzigo huu mpya nimeufunga mafundo mawili ili tujue kama unafunguliwa njiani.

Lakini wifi, umenijibu kwa mkato mno. "Hayo ni ya daktari." Mh! Machale yananicheza. Siku ya harusi yenu shangazi yenu mmoja aliyekuwa amekaa karibu na masufuria alisema mama yenu aliwahi kuzaa wavulana wawili kabla yako. Nikamuuliza wako wapi, akaniambia niongeze wali. Mbona hamuwataji? Walikufa na nini?

Kama hutaki kusema, sema hutaki. Nitajua cha kufikiri.

Mama kuku

28 Machi

Wifi,

Tuko salama kiasi. Kaka yako alirudi, akalala, akaondoka. Hoteli wamekataa rangi waliyoichagua wenyewe, nafumua.

Mafundo mawili yamefika mawili. Lebo zimekunjamana vile vile, na safari hii dawa ilikuwa na povu. Dripu ilipoanza kuingia Babu alitetemeka, meno yakagongana, homa ikapanda. Muuguzi akaipunguza kasi, akasema huwa inatokea. Kwake haijawahi kutokea tangu aanze dawa hii. Wiki iliyofuata akaanza kukohoa.

Nimefurahi binti yako amepona. Amepona kwa dawa gani?

Wifi yako

9 Aprili

Wifi,

Salamu sina. Nilikuwa nazo, nimezimeza niliposoma barua yako.

Amepona kwa dawa gani! Unauliza nini hasa? Sema wazi, usinizunguke. Amepona kwa maji ya moto na tangawizi na kukemewa, kama watoto wa watu wote wanavyopona. Unadhani mimi nimemchoma binti yangu sindano ya Babu? Kwa mkono upi? Mimi nikiona sindano nageuza shingo, kaka yangu akiiona anaanguka chini. Ukoo wetu ndivyo ulivyo, na hilo nalikubali, sifichi mambo kama watu wengine.

Na kwa kuwa tumefikia huko, ngoja na mimi nikuulize. Kaka yangu alinipigia simu, sauti imemnyong'onyea, anasema mtoto amekonda. Amekonda vipi wakati dawa natuma kila mwezi? Dawa inaingia mwilini mwake kweli? Au iko kabatini kwako? Ulimwambia kaka yangu kwamba hata huyo wa tumboni huenda akaihitaji. Isije ikawa unamwekea akiba huyu ajaye na kumpunja aliyepo. Ninasema lililo moyoni. Wewe ulianza.

Chupa nimezituma. Zihesabu, uzipige na picha ukitaka.

Shangazi yake Babu

2 Mei

Wifi,

Naandika nikiwa wodini. Babu amelazwa na nimonia, pande zote mbili. Ana mpira wa hewa puani. Akitaka kuniambia kitu anasema maneno mawili, anapumzika, anamalizia.

Akiba? Mimi nimpunje huyu nimwekee mtu ambaye sijamwona sura? Nimeisoma sentensi hiyo nikiwa nimemshika mgongo anakohoa. Sitaisahau.

Sasa sikiliza. Jana muuguzi alichukua chupa uliyotuma akainyanyua dirishani kabla ya kuitundika. Akaniita nione. Ndani mlikuwa na vitu vinaelea, kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyochemka. Akasema hii simpi mtoto. Akaniuliza zile nyingine zilikuwaje, nikakumbuka povu, nikakumbuka lebo. Wakampima damu. Kingamwili ziko chini kabisa, kama mtoto ambaye hajatundikiwa kitu tangu mwaka uanze. Unaelewa? Nimemshika mkono asubuhi nzima, mwezi baada ya mwezi, anachomwa, anatetemeka, namwambia vumilia mwanangu, kumbe kinachoingia hakina faida.

Nilipokuwa nazichukua mwenyewe chupa zilikuwa nzima. Tangu zianze kupitia kwako zinaharibika. Binti yako alikuwa anakohoa, amepona. Mtu mwenye akili timamu afikiri nini? Ulizimwaga ukajaza kitu kingine? Ulimpa mtu? Uliweka nini humo ndani?

Na ulitaka sana kujua ugonjwa umetoka wapi. Umetoka kwangu. Daktari alinichorea kwenye karatasi: unapita kwa mama, unamkuta mtoto wa kiume. Mama yangu alinipa mimi bila kujua, na mimi nimempa Babu bila kujua. Wale kaka zangu wawili walikufa wachanga, kifua, mmoja baada ya mwingine, na nyumbani hatuwataji kwa sababu mama akisikia majina yao anaacha kula. Haya, umefurahi? Nenda katangaze dukani.

Lakini ukishamaliza kutangaza nijibu: nani amezigusa chupa za mwanangu?

7 Mei

Wifi,

Sijatangaza. Nimekaa nyuma ya duka nimelia mpaka wateja wakajihudumia. Kuhusu kaka zako, sikujua. Nilidhani ni jambo la aibu mnalificha, na mimi kikifichwa kitu sipati usingizi. Ningejua nisingeuliza kwa ule mdomo wangu.

Lakini kuniita mwizi wa dawa ya Babu! Mtoto mwenye jina la baba yangu! Wifi, nakula yamini mbele ya chochote unachokiamini: hakuna mkono uliozigusa chupa zile ila huu wangu. Sikumruhusu mume wangu, sikumruhusu binti yangu, wala yule kijakazi wa jirani anayeshika kila kitu.

Ngoja nikueleze nilivyozitunza, halafu ujione ulivyonionea. Friji la jikoni sikuliamini hata kidogo. Watoto wanalifungua wakitafuta maji, wanaliacha wazi, kila kitu kinatoa jasho. Nikazipeleka dukani. Nikatoa kuku wote kwenye friza kubwa, nikazilaza chupa chini kabisa, nimezifunga magazeti kama mayai, nikarudisha kuku juu yake. Pale umeme hata ukatike kutwa nzima barafu haitikisiki. Nilipoteza nafasi ya kuku wa wiki nzima kwa ajili ya chupa zenu, na mteja akitaka kuku wa chini namwambia hao wana mwenyewe. Siku ya kutuma nazitoa zimeganda vizuri, ngumu kama jiwe, nazipanga na mabonge ya barafu ili zisipate joto njiani. Kila mwezi nimefanya hivyo. Miaka yote nauza, kuku wangu hajawahi kumtapisha mtu. Sasa Babu ndiye nimharibie?

Kama dawa imekufa, imefia mikononi mwa kondakta, au wameiua hukohuko kwenu. Kwangu ilikuwa salama kuliko mtoto tumboni.

Niambie hali yake. Hata kama hutaki kuongea na mimi, andika neno moja tu, anapumua vipi.

Shangazi yake

22 Mei

Wifi,

Anapumua bila mpira. Jana alikula ndizi nzima akauliza kama kuna nyingine. Nimechelewa kujibu, samahani, hospitali na tumbo na mapazia vyote viliniangukia pamoja. Hospitali ya hapa walimtafutia chupa za dharura, zimemsaidia.

Mwezi huu ukichukua chupa, ziweke kwenye friji la jikoni, rafu ya katikati, zisiguse ule ukuta wa nyuma. Waambie watoto wasilifungue ovyo, au lifunge kamba. Zisigande. Kwenye kasha, barafu izungushie taulo kwanza ili isigusane na chupa, na usitupe maboksi yake. Zikae tu baridi kama maji ya kunywa.

Binti yako nilimkosea. Mwambie namwomba radhi, ingawa hajui nilichomshuku. Na wewe pia, kwa neno la wizi.

Kaka yako anakusalimu. Hoteli wamelipenda pazia la mapokezi.

Wifi yako

27 Mei

Wifi,

Umeandika kwa upole. Hujawahi kuniandikia kwa upole tangu uolewe kwetu, na nimeogopa.

"Zisigande." Umelipachika katikati, kati ya friji na taulo, kama mtu anayepitisha kitu mlangoni akitumaini hakitaonekana. Mimi ndiye mama maswali, wifi, unadhani lingenipita?

Sikwenda kumuuliza yule bwana wa dirishani. Nilifika mpaka kwenye foleni, nikaangalia uso wake, nikarudi. Tangu juzi nauza kuku bila kuliangalia lile friza. Binti ananiuliza mama una nini, namwambia kichwa.

Nimekuhisi vibaya miezi yote hii. Nilidhani unazificha, nilidhani unampunja, nilimwambia hata mume wangu. Na kumbe muda wote huo labda mimi ndiye. Nakuuliza, na safari hii usinipige chenga kwa mapazia. Ni mimi? Na kaka yangu anajua?

4 Juni

Wifi yangu,

Hatujambo. Babu yuko nyumbani.

Ni wewe. Ni friza. Dawa ile ikiganda imekufa, na hata ikiyeyuka ikaonekana nzima haifai tena. Ndiyo maana lebo zilikunjamana, ndiyo maana ya lile povu, ndiyo maana alitetemeka. Niliposoma barua yako ya kuku, nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda chake. Nilipofika kwenye "ngumu kama jiwe" nilielewa kila kitu. Nilitaka nikuandikie palepale, maneno ambayo ungeyabeba mpaka kaburini. Nilianza barua nne, nikazichana. Kila nikifika kwenye kukutukana naona umewatoa kuku wote kwenye friza kumpisha mwanangu, na mkono unakataa. Na mimi nilikuwa nazisafirisha mwenyewe siku zote, nikaona hilo la kuganda ni jambo linalojulikana. Sikukwambia. Ningekwambia kwa mstari mmoja tu.

Hutaki nikuzunguke, basi. Sehemu ya chini ya pafu la kulia imeharibika. Daktari anasema haitarudi. Ataishi, atakimbia, lakini atachoka kabla ya wenzake, na kikohozi cha asubuhi kitakuwa chake. Kaka yako nimemwambia chupa ziliharibikia njiani. Ukitaka kumwambia vingine, mwambie wewe.

Usidhani nimekwisha kukusamehe. Akikohoa asubuhi, jina la kwanza linalonijia ni lako. Sijui litaacha lini kunijia.

Lakini nisikilize. Wamenipangia upasuaji wa kujifungua wiki ya tatu ya mwezi huu, na dripu ya Babu iko wiki hiyohiyo. Kaka yako, umesema mwenyewe, ataanguka. Zichukue chupa, panda basi, kasha ulipakate wewe, wala usimpe kondakta. Wodini nimeshawaambia atakayekaa naye ni shangazi yake. Ushike mkono wake wa kushoto, na usimwambie kwamba haiumi, hapendi kudanganywa. Ukitaka kugeuza shingo geuza, ila mkono usiuachie.

Na huyu wa tumboni, akiwa wa kiume watampima damu kabla sijatoka wodini. Hapa nilipo kila mtu ananiambia usiwe na wasiwasi. Majibu yakija watanificha, watanituliza kwanza, watasubiri nipate nguvu. Sitaki. Nataka uende ukayaulize wewe, kwa huo mdomo wako, usiondoke dirishani mpaka wakupe, halafu uje uniambie.

Wifi yako